Ruzuku ya mbolea ikiondoka, usipunguze kwa kukisia

Tanzania ilipoondoa ruzuku ya mbolea mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliobanwa zaidi ni wakulima wa mahindi wa Nyanda za Juu Kusini, walio mbali na bandari na mbali na soko. Wengi walipunguza mbolea. Shida ni pale unapotandaza mfuko mmoja kwenye ekari tatu: hakuna mmea unaoshiba.

Piga hesabu kwanza kwa mahindi, si kwa shilingi. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Shamba lililopaliliwa vizuri hurudisha takriban kilo 10 za mahindi kwa kila kilo ya naitrojeni, yaani kama gunia mbili na ushei za kilo 100 kwa mfuko mzima. Mfuko ukigharimu zaidi ya nusu ya hayo kwa bei ya shambani, punguza eneo, usipunguze dozi.

Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari ina mashimo kama 9,000. Kizibo kimoja cha soda cha DAP, mbolea ya kupandia, karibu gramu 5 kila shimo, kinakula kilo 45 kwa ekari. Weka mbolea, funika kwa udongo wa vidole viwili, ndipo mbegu; zikigusana mbegu huungua na utaanza kumlaumu muuza mbegu bure. Urea weka mahindi yakifika magotini, udongo ukiwa na unyevu, na uifukie. Ikiachwa juu juani, naitrojeni hupotea hewani.