Kabla Hujamwita Mchora Bango: Kuchagua Jina la Biashara Ndogo

Mtu akishapata fremu, yaani chumba cha kupanga cha duka, roho haitulii mpaka aone bango juu ya mlango. Ni furaha halali, maana jina likishaandikwa duka linaonekana limezaliwa. Lakini nimewaona wengi, na mimi nimo, waliolipia bango kabla ya kulipima jina lenyewe, na gharama iliyokuja baadaye ikawa kubwa kuliko ya bati na rangi.

Anza na mdomo wa mteja, kwa sababu huko ndiko jina litakakoishi. Dar es Salaam ni jiji la watu wanaopachika mahali majina wenyewe. Sinza kwa Remmy paliitwa hivyo kwa ajili ya mwanamuziki Remmy Ongala aliyeishi pale, na wapita njia ndio waliolieneza. Duka la mtaani nalo huwa ni "kwa Mangi" hata kama ubaoni pameandikwa jingine kabisa. Mangi ni cheo cha watawala wa Wachaga. Wafanyabiashara wengi wa Kichaga walipofungua maduka mijini, neno likawagandia wauza duka wote. Ukitundika jina gumu, mtaa utakupa jepesi. Kwa hiyo kama umekuwa ukiuza nyumbani na tayari watu wanaelekezana "kwa Mama Zuhura", fikiria mara mbili kabla ya kulitupa jina hilo. Lina wateja tayari, na hilo jipya halina hata mmoja.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha simu. Mpigie mtu asiyejua mpango wako, litamke jina mara moja tu, kisha mwombe alitume kwa meseji kama alivyolisikia. Fanya hivyo kwa watu watano wa umri na makabila tofauti. Hapo utaona mambo. R na L zinabadilishana nafasi katika vinywa vya wengi wetu, na dh, th na gh mara nyingi hutoka kama z, s na g. Riziki itaandikwa Liziki, Dhahabu itakuwa Zahabu. Dada anayefungua duka la nguo akaliita Thamani, kuna watakaosikia Samani, waje wakiulizia makochi. Sisemi herufi hizo ziachwe, maana ni za lugha yetu. Nasema ujue mapema nani atakupoteza anapokutafuta kwenye Instagram au kwenye ramani ya simu.

Majina ya Kiingereza yana kesi yake. Wengi huyachagua wakiamini yanaleta hadhi, na pengine kwa mteja wa hotelini yanaleta. Lakini mteja wa saluni ya Tandika asiyeweza kulitamka jina lako atanyamaza tu, na mteja aliyenyamaza hakuelekezi kwa shoga yake. Tazama M-Pesa iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008: herufi moja na neno ambalo hata mtoto anayetumwa dukani analijua.

Angalia pia maana ya jina nje ya mtaa wako, hasa kama bidhaa itasafiri. Achari yenye lebo ya "Jikoni kwa Bibi" kwa msomaji wa Tanga inaleta harufu ya mapishi ya mama mzaa mama. Ivushe mpaka, na kwa Wakenya wengi bibi ni mke, na jikoni ni kwa mke wa mtu. Si tusi, ila si picha uliyoilipia.

Jina likishafaulu mdomoni, litafute kama ni la mtu. Kwa Tanzania Bara kazi hii iko BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na siku hizi utafutaji na usajili hufanyika kwa mtandao ukiwa na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Jina lililokwishasajiliwa, au linalofanana nalo kiasi cha kuchanganya watu, litakataliwa. Vivyo hivyo linaloashiria kwamba wewe ni chombo cha Serikali. Neno "benki" usiliguse, lina sheria yake na Benki Kuu inalilinda. Ukifanya biashara kwa majina yako halisi bila kuongeza neno, hulazimiki kusajili jina, lakini ukiandika "Mapambo ya Asha" tayari umeongeza.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: cheti cha jina la biashara si alama ya biashara. Cheti kinaonyesha nani yuko nyuma ya jina. Alama ndiyo inayokupa nguvu ya kumzuia mwingine asiibandike kwenye chupa zake. Ni maombi mawili tofauti, ingawa yote yanapelekwa BRELA. Alama ikisajiliwa hulindwa miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10. Na Zanzibar ina wakala wake, BPRA, hivyo ulinzi ulioupata Bara hauvuki bahari pamoja na mzigo. Anayepanga kuuza viungo au sabuni za kufungasha alifikirie hili mapema, kwa kuwa jina litaingia kwenye leseni, akaunti ya benki, Lipa Namba, karatasi za SIDO (shirika la viwanda vidogo) na TBS (shirika la viwango), na kila lebo. Kulibadilisha baada ya hapo ni kuzirudia ofisi hizo moja baada ya nyingine.

Swali la nani mwenye jina linauma zaidi, nami nalisema kwa uzoefu. Tulianza watu wawili biashara ya chakula cha mchana maofisini. Jina tulilitunga pamoja usiku mmoja, mwenzangu akaenda kulisajili kwa kuwa yeye alikuwa na nafasi siku hiyo. Tulipoachana, cheti kilisomeka jina lake peke yake. Hakuniibia, karatasi ilisema ilichoandikiwa. Mimi nikaanza upya na masufuria yaleyale kwa jina ambalo hakuna aliyelijua. Kama mko wawili, sajilini kama wabia, mwandikiane na mkataba mfupi wa nani atabaki na jina mkitengana. Wanandoa nao waandikiane, hata kama inaonekana ni kuombeana mabaya.

Jina la mahali huwa zuri hadi siku mwenye fremu atakapopandisha kodi ukahama. "Mwenge Mitindo" iliyohamia Mbagala itaeleza hadithi yake kila siku. Jina la bidhaa moja nalo hubana pale unapoongeza ya pili. Kampuni kubwa huweza kubadili jina kwa sababu zina fedha za kulitangaza upya: tuliijua Celtel, ikawa Zain mwaka 2008, ikawa Airtel mwaka 2010, na kila mara tulitangaziwa redioni na barabarani hadi tukazoea. Wewe una bango moja.

Baki na majina matatu, yakae wiki nzima, uyatamke sokoni na nyumbani. Litakaloshinda lisajili, na siku hiyohiyo fungua kurasa zake mitandaoni, hata kama hutaweka picha mwezi mzima. Ndipo umwite mchora bango. Usimtajie jina kwa simu: mpelekee karatasi yenye herufi kubwa, zilezile zilizo kwenye cheti, na uwe umesimama pale anapoanza kupiga mistari ya penseli.