Shati linaachia kifuani? Sindano na uzi vinatosha

Tunaongelea zile blauzi na mashati ya vifungo ambayo ukisimama yako poa kabisa, ukikaa tu au ukinyanyua mkono kushika bomba kwenye daladala, kati ya kifungo kimoja na kingine panaachia na sidiria inachungulia. Wengi wanabana na pini, na pini inachana kitambaa, inaonekana kwa nje, halafu siku moja inakuchoma mbele za watu. Cherehani huhitaji hapa. Kiwandani vifungo vinapangwa kwa nafasi sawa kuanzia kwenye kola kushuka chini, wao hawajui kifua chako kinaishia wapi, kwahiyo pale kilipojaa zaidi mara nyingi hapana kifungo. Kazi yetu ni kuongeza kishikizo hapohapo, basi.

Kwanza pima kama nguo inaokoleka. Vaa na sidiria unayovaaga nayo (ukibadili sidiria kifua kinahama, alama zote zinakuwa za bure), funga vifungo vyote, kaa kwenye kiti mbele ya kioo, jikumbatie. Ukiona mikunjo ya kulala inavutwa kwenye kila kifungo mpaka tumboni, hiyo nguo ni ndogo tu, hakuna kishikizo kitakachosaidia, geuza uangalie ubavuni kama kuna kitambaa cha akiba umpelekee fundi aachie mshono, na mashati mengi ya mtumba hayana akiba hiyo maana ubavuni yamekunjwa yakapigwa mishono miwili, kwahiyo hilo livae wazi juu ya tisheti uendelee na maisha. Lakini kama panaachia sehemu moja tu, kifuani, twende.

Vitu vya kuwa navyo: sindano nyembamba, uzi wa polyester wa rangi ya nguo (ukikosa rangi yenyewe chukua iliyokolea kidogo, uliopauka unaonekana zaidi), pini za ushonaji, chaki, au ukoko wa sabuni ya kuogea unachora vizuri tu kwenye kitambaa cheusi. Na kishikizo chenyewe, yaani vile vifungo vya kubonyeza vidogo vya chuma, vinavyouzwa vimebandikwa kwenye kikadi, kila kimoja kina pande mbili, upande wenye kinundu na upande wenye kishimo. Kwa shati jepesi chukua vya milimita 7 au 8, vikubwa vinatuna kwa nje kila mtu anajua umefanya nini.

Hatua ya 1. Nguo ikiwa mwilini, tafuta pale panapoachia zaidi, mara nyingi ni usawa wa chuchu, piga pini ya kulala ishike pande zote mbili. Kaa tena, jikumbatie tena. Pametulia? Vua taratibu, weka alama ya chaki kwa ndani.

Hatua ya 2 ndo yenye kazi. Upande wenye kinundu unakaa kwenye ubao wa juu wa shati, ule wenye vitundu vya vifungo, kwa ndani yake. Usikariri kulia au kushoto, mashati ya kike kawaida kulia ndo kunakaa juu na ya kiume ni kinyume chake, sasa mtumba umechanganyika, we angalia vitundu viko wapi. Uzi uwe mmoja, usikunje mara mbili. Usifunge fundo kubwa, piga vimshono viwili vidogo juu kwa juu mahali ambapo kishikizo kitafunika. Halafu, na hapa ndo watu wanaharibu, sindano ichukue kitambaa cha ndani TU. Ubao wa shati umekunjwa, kuna tabaka la ndani na la nje, ukichoma mpaka nje utaona vidoti vya uzi vimejipanga kifuani. Kila tundu la pembeni mwa kishikizo lipate mishono mitatu minne, kuhamia tundu linalofuata pitisha sindano chini ya chuma, usikate uzi. Ukimaliza tundu moja geuza uchungulie nje, ukiona doti fumua hapohapo kabla hujaenda mbele.

Hatua ya 3. Paka chaki kwenye kile kinundu, funga kifungo cha juu yake na cha chini yake, kisha bonyeza kwa kidole. Chaki itahamia ubao wa pili, hapo ndo kishimo kinakaa, katikati ya alama. Huku choma mpaka chini bila wasiwasi, ubao wa juu utaficha.

Kama kitambaa ni shifoni au kitu chepesi kinachochanika, weka kiraka kidogo cha bitana chini ya kishikizo ushone vyote pamoja, la sivyo siku unafungua kwa haraka kinang'oka na kitambaa chake. Kufua, kibonyeze kikiwa kimefungwa kisikwangue nguo zingine. Kupiga pasi ni kinyume, fungua na uzungukie, maana ukipitisha pasi juu yake inaacha alama ya duara kwa nje, na vile vya plastiki vinayeyuka.

Kuna njia ya wavivu ambayo mi binafsi naipenda kuliko zote kama nguo ni pana kidogo. Fungua vifungo viwili vya juu tu, jaribu kuivaa kwa kupitisha kichwani. Ikipita bila kugombana mabegani, basi hivyo vingine huvihitaji kufunguka, shona ubao ufunge moja kwa moja. Unaanzia chini ya kifungo cha pili unaishia kiunoni, unashona kwa ndani, ukingo wa ubao wa chini unaunasa kwenye kitambaa cha ndani cha ubao wa juu, vimshono vifupi, usivute uzi ukajikunja. Mama anayenyonyesha hii isimhusu.

Wakati mwingine nguo haina shida, kitundu ndo kimelegea, kifungo kinachomoka chenyewe. Piga mishono miwili mitatu ya kukaza kwenye ncha ya chini ya kitundu, kipungue kidogo kidogo huku unajaribu kifungo, kipite kwa kusukumwa.

Abaya la mbele wazi na gauni la kukunja ni kishikizo kilekile, ila pima ukiwa umekaa, na la kukunja liongezee kingine kwenye paja kwa ajili ya upepo.

Gauni la zipu ya mgongoni linaloachia pale juu shingoni, tumia kikulabu kama cha sidiria. Kikulabu kishone ndani upande mmoja, upande wa pili tengeneza kitanzi cha uzi: pitisha uzi mara nne ukiacha nafasi ya kikulabu kuingia, halafu uzungushie vifundo vidogo vidogo uzi wote mpaka ukakamae, malizia kwa ndani ukate.