Lisha udongo kwanza: somo la mboji kutoka jangwa la Misri

Mwaka 1977 Ibrahim Abouleish, Mmisri aliyesomea kemia na tiba Austria, alirudi kwao akanunua hekta 70 za jangwa karibu na Belbeis, kaskazini-mashariki ya Kairo. Akachimba visima, akapanda mivinje ya kukinga upepo, akaleta ng'ombe. Leo Sekem, biashara aliyoianzisha, inajulikana kwa chai za mitishamba, pamba na dawa, na kwa shule na chuo kikuu ilichokifungua mwaka 2012. Mkulima anayetaka kujifunza kwao aanzie zizini. Samadi ilitengeneza mboji, na mboji ikageuza mchanga kuwa udongo.

Mchanga haushiki maji wala chakula cha mmea. Hata mbolea ya dukani huoshwa na maji na kushuka chini kabla mizizi haijaipata. Mboji hushika vyote viwili, ndiyo maana shamba lenye mboji huchelewa kunyauka jua linapokaza.

Chagua mahali penye kivuli, karibu na maji. Tandika mabua yaliyokatwakatwa upana wa mita moja na nusu, weka majani mabichi juu yake, kisha samadi, halafu udongo kidogo wa juu wa shamba. Nyunyizia maji kila tabaka. Rudia mpaka lundo lifike kifuani, lifunike kwa majani ya migomba, kisha chomeka kijiti kirefu hadi katikati.

Kijiti hicho usikidharau. Kichomoe baada ya siku tano, ukishike. Kikiwa cha moto, kazi inaendelea, na joto hilo huua mbegu nyingi za magugu. Kikiwa cha baridi na kikavu, ongeza maji. Kikitoka kimelowa na kunuka, lundo limekosa hewa: lipindue, changanya mabua makavu. Pindua kila baada ya wiki tatu. Mboji iliyoiva ni nyeusi, hunukia kama ardhi ya msituni, na huwezi tena kutambua bua wala kinyesi. Tafadhali usiharakishe. Nimeona miche ikiungua kwa samadi mbichi, na inauma kumwona mtu akipanda upya.

Kuhusu wadudu, kwenye pamba Sekem walitumia mitego yenye harufu ya kuwavuta nondo dume badala ya kunyunyizia sumu kwa eropleni. Na wakulima wadogo huwauzia mazao kwa mkataba. Hili vikundi vyetu huliacha hadi siku ya kuvuna, ni kosa kubwa. Mtafuteni mnunuzi kabla ya kupanda, mkubaliane ubora na bei.

Usianze na shamba zima. Tenga robo eka, weka viganja viwili vya mboji kila shimo la mahindi, tandaza mabua juu. Mvua ikikata, fukua kidogo penye mboji na pasipo na mboji, shika udongo mkononi, ulinganishe unyevu.