Kuomba ruzuku ya Umoja wa Ulaya ukiwa Uganda: maombi huangukia wapi

Ushirikiano wa maendeleo kati ya Umoja wa Ulaya na Uganda haupitii serikalini pekee. Sehemu ya fedha hutolewa kwa asasi za kiraia kupitia wito wa maombi ya ruzuku, na asasi ya Arua au Kasese ina haki ya kuomba sawa na ile yenye ofisi Kampala. Fedha hizo zinatoka katika mfuko wa Global Europe, wa euro bilioni 79.5 kwa dunia nzima kuanzia 2021 hadi 2027. Kwa Uganda kuna mpango wa miaka hiyohiyo wenye maeneo matatu: mazingira na tabianchi, ukuaji wa uchumi na ajira, na utawala wa kidemokrasia pamoja na ujumuishaji wa jamii. Mradi usiogusa mada ya wito hauokolewi na uandishi mzuri.

Anzeni na mwongozo wa waombaji unaoambatana na tangazo. Tafuteni mambo manne kabla ya kuandika chochote: nani anaruhusiwa kuomba, kiwango cha chini na cha juu cha ruzuku, muda wa mradi kwa miezi, na asilimia ambayo Umoja wa Ulaya utalipa. Penye utata, ulizeni kwa maandishi. Kwa kawaida maswali hupokelewa hadi siku 21 kabla ya tarehe ya mwisho, na majibu hutolewa si chini ya siku 11 kabla yake.

Kiwango cha chini ndicho kinachozichuja asasi ndogo. Kama mnatumia euro 40,000 kwa mwaka na wito unaanzia euro 400,000, msiombe kama mwombaji mkuu. Katika tathmini ya ombi kamili, uwezo wa kifedha na kiutendaji una alama 20, na mkipata chini ya 12 mnatolewa hata kama wazo lenu ni bora kuliko yote. Ingieni kama mwombaji mwenza wa asasi kubwa, au fuatilieni miradi inayogawa ruzuku ndogo kwa wengine, ambako kwa kawaida kila mpokeaji anaweza kupata hadi euro 60,000. Hii si njia ya wanyonge. Ndipo mnapojenga rekodi ya hesabu zilizokaguliwa, na rekodi hiyo ndiyo itakayowapa alama baadaye.

Karatasi za nyumbani zina mwendo wake. Mnahitaji cheti cha usajili, kibali cha asasi ambacho hakijaisha muda, namba ya mlipakodi ya URA (mamlaka ya mapato ya Uganda) na hesabu zilizokaguliwa. Zaidi ya hayo, Sheria ya Asasi Zisizo za Kiserikali ya 2016 inataka idhini ya kamati ya wilaya inayosimamia asasi na ya serikali ya wilaya, pamoja na hati ya makubaliano iliyotiwa saini, kabla ya kufanya kazi katika eneo hilo. Mradi wa Adjumani, Moyo na Obongi unahitaji hayo katika wilaya zote tatu. Anzeni wilayani mapema, maana mkataba ukishasainiwa miezi ya mradi inahesabika huku nyinyi mkingoja saini ya ofisa.

Mara nyingi maombi huenda kwa hatua mbili. Ya kwanza ni andiko dhana, kurasa chache zenye alama 50, na chini ya 30 hamsongi mbele. Hapa watathmini wanatazama kama mradi unajibu wito na kama umepangwa vizuri. Taja kata na vijiji, kundi lenyewe na tatizo lililothibitishwa, kisha onyesha unavyoungana na mpango wa maendeleo wa wilaya. Fomu ni ya Kiingereza, lakini mazungumzo na walengwa yafanyike kwa lugha wanayoijua, iwe Kilugbara, Kiacholi au Kiswahili. Mwanakijiji akiulizwa kwa lugha asiyoimudu, atawajibu mnachotaka kusikia.

Kuweni waangalifu na kiasi mnachokitaja katika andiko dhana. Kwa kawaida ombi kamili haliruhusiwi kutofautiana nacho kwa zaidi ya 20%.

Katika ombi kamili, kasoro kubwa huonekana pale bangokitita, yaani jedwali la mantiki ya mradi, linaposema hiki na bajeti ikasema kile. “Wanawake wamewezeshwa” haipimiki. “Wanawake wenye akiba katika SACCO” inapimika, mradi tu muweke idadi ya kuanzia, lengo, na daftari litakalothibitisha. Kisha pitieni bajeti mstari kwa mstari: kila mstari uwe na shughuli yake, na kila shughuli iwe na fedha zake.

Hesabu yenyewe huenda hivi. Tuseme gharama za moja kwa moja ni euro 300,000. Gharama za uendeshaji wa ofisi haziruhusiwi kuzidi 7% yake, yaani 21,000. Akiba ya dharura haizidi 5%, yaani 15,000, na haiguswi bila idhini ya maandishi. Jumla ni 336,000. Umoja wa Ulaya ukilipa 90%, utatoa 302,400, nanyi mtatafuta 33,600. Jengo lenu au ardhi iliyotolewa na kijiji kwa kawaida havihesabiwi kuwa mchango, kwa hiyo ulizeni mapema fedha hiyo itatoka wapi.

Bado kuna pengo jingine ambalo wengi hawalioni. Malipo ya awali kwa kawaida hayazidi 90% ya ruzuku. Salio huja baada ya taarifa ya mwisho kukubaliwa. Katika mfano wetu, karibu euro 30,000 zitatangulia kutoka mfukoni mwenu. Tena, mkiomba awamu inayofuata kabla ya kutumia angalau 70% ya iliyotangulia, inapunguzwa kwa tofauti hiyo. Kuchelewa kwa ununuzi mmoja kunaweza kukwamisha mishahara ya robo mwaka.

Mkataba ni wa euro, matumizi ni ya shilingi, na hasara ya kubadilisha fedha hailipwi. Fungueni akaunti ya euro, badilisheni kwa mafungu kulingana na matumizi ya miezi michache ijayo, na hifadhini karatasi ya benki ya kila ubadilishaji. Madeni ya zamani hayalipwi pia, wala gharama iliyokwisha kulipwa na ruzuku nyingine ya Umoja wa Ulaya.

Katika mishahara, msisahau 10% ya NSSF inayolipwa na mwajiri. Ikisahaulika kwenye bajeti, mtailipa wenyewe. Kwa ununuzi, daini risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA, siku hiyohiyo, kwani muuzaji wa Kikuubo, soko la Kampala, hakumbuki mauzo ya mwaka jana. Ambatanisha nukuu za bei, hati ya kupokea vitu na orodha ya mahudhurio yenye saini. Kwa ruzuku inayozidi euro 60,000, nyaraka hizi hutunzwa miaka 5 baada ya malipo ya mwisho, na wakaguzi wanaweza kuziomba wakati wowote ndani ya muda huo.