Namna ya Kuitazama Mannix Ilipojivua Gamba

Anayetaka kuelewa jinsi tamthilia ya upelelezi inavyoweza kusukwa upya huku mpelelezi wake akibaki yule yule, na aichukue Mannix, iliyorushwa na kituo cha CBS nchini Marekani kuanzia mwaka 1967 hadi 1975, kisha aulinganishe msimu wa kwanza na wa pili. Kosa la kawaida ni kuanzia msimu wa pili, kwa kuwa ndio unaosifiwa. Nami nilifanya hivyo, nikaona ofisi, katibu muhtasi na simu inayolia, nisijue kwamba vyote hivyo vilikuwa dawa ya ugonjwa fulani.

Tazama basi vipindi viwili au vitatu vya msimu wa kwanza, ukianza na "The Name Is Mannix". Humo Joe Mannix, anayeigizwa na Mike Connors, ni mwajiriwa wa Intertect, kampuni kubwa ya upelelezi ya Los Angeles inayotegemea kompyuta. Usikimbilie kisa, kagua ofisi kwanza. Wafanyakazi wameketi kwa safu wakiwa na suti nyeusi, juu ya meza zao hamna kitu ila simu na karatasi za kuandikia, na vyumbani mna kamera ambazo bosi wao, Lew Wickersham, huzitumia kuwachungulia na kuwakemea. Mannix huja na koti la mirabaraba, na jicho hilo likimchosha hulitundika koti mbele ya kamera. Simamisha picha hapo. Ugomvi wote wa msimu ule umo katika koti hilo: mtu anashindana na mashine, lakini bado anakula mshahara wa mwenye mashine, na kwa hiyo kila kisa hulazimika kugawana muda na mabishano ya ofisini.

Watazamaji hawakumiminika. Lucille Ball, aliyekuwa mkuu wa Desilu, studio iliyoitengeneza tamthilia hii, aliona kwamba kompyuta zile zilimzidi kimo mtazamaji wa kawaida wa wakati huo, nazo zikaondolewa, pamoja na Intertect na Wickersham mwenyewe. Mwaka 1968 Mannix alirudi akiwa mpelelezi wa kujitegemea, ofisi yake ikiwa kwenye anwani ya 17 Paseo Verde, naye akiishi ghorofa ya juu yake.

Unapofika hapo, chukua daftari, na kila mara Mannix anapopata habari mpya andika ameipata kwa nani. Zoezi hili linaonekana la kitoto, lakini ndilo linalofichua kazi ya waandishi. Kompyuta ilikuwa ikitoa jibu bila kudai chochote. Ilipoondoka, kila jibu lilihitaji mtu wa kulitoa, na mtu huwa na hofu yake, deni lake na sababu yake ya kusema uongo. Ndipo wanapoingia marafiki wa polisi kama vile Adam Tobias, na juu ya wote Peggy Fair, katibu muhtasi anayeigizwa na Gail Fisher.

Peggy mtazame kwa makini kuliko wengine. Ni mjane wa askari polisi aliyeuawa kazini, ana mtoto wa kiume aitwaye Toby, na ni mwanamke Mweusi aliyepewa kazi ya heshima kwenye televisheni ya Marekani katika mwaka ule ule aliouawa Martin Luther King. Mannix akichelewa kurudi, wasiwasi wa Peggy hauhitaji maelezo, maana mumewe naye alitoka kwenda kazini na hakurudi. Mwaka 1970 Fisher alishinda Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, na kwa maoni yangu nusu ya uhai wa tamthilia hii baada ya msimu wa kwanza ni wake.

Andika pia yaliyoachwa kama yalivyokuwa. Muziki wa Lalo Schifrin, wenye mapigo matatu kama waltz, ulibaki, na Mannix aliendelea kupigwa ngumi za kichwa kwa wingi usioelezeka kitabibu.

Ukishamaliza vipindi kadhaa, rudi umtazame tena Joseph Campanella katika nafasi ya Wickersham. Utagundua kwamba alikuwa mzuri, na kwamba hakuna mtu mwingine katika misimu saba iliyofuata aliyeweza kumwambia Mannix "hapana" kwa mamlaka ya bosi.