SOMO: Umeona motifu kwenye promota, sasa unathibitishaje kwamba TF ndiyo inawasha jeni kwenye seli ya kansa?

Wakuu habari za Dom. Kila msimu wa projekti inbox inajaa swali lile lile, "nimekuta motifu kwenye promota, niandike kwamba hii TF ndo inaendesha jeni?" Naliweka hapa mara moja, atakayeuliza tena namtumia linki. Kwa mgeni: promota ni kipande cha DNA cha kuwashia jeni, TF ni protini inayokaa hapo na kuiwasha, motifu ni neno fupi la herufi za DNA ambalo TF hulikalia.

Usiandike. Neno la herufi 4 kama GGAA kwa bahati tu linajirudia kama kila herufi 256. Kuona kiti hakumaanishi mtu amekaa.

Mfano wetu ni TERT, jeni ya telomerezi (enzaimu inayorefusha telomere, yaani ncha za kromosomu), ambayo kwenye seli nyingi za mtu mzima imezimwa. Mwaka 2013 iligundulika kwamba kwenye melanoma (kansa ya ngozi) nyingi promota yake imebadilika herufi moja, C imekuwa T, ama pale panapoitwa C228T au C250T. Badiliko hilo linaunda GGAA mpya, TF ya familia ya ETS inayoitwa GABP inakuja kukaa hapo, jeni inawaka, telomere hazifupiki tena hadi kuisimamisha seli.

1. Pakua sekwensi ya promota.

2. Hapa simama, ndo watu wanapoungua. TERT iko kromosomu 5 na inasomwa kwenye uzi wa kinyume, kwa hiyo kwenye faili lako utaona G imekuwa A, usiseme badiliko halipo. Halafu hiyo 228 ni mkia wa namba 1,295,228 ya toleo la hg19 la ramani ya jenomu ya binadamu, kwenye toleo la hg38 sehemu hiyo hiyo ni 1,295,113, ukichanganya matoleo umekosea kwa herufi 115 na praima zako (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR, yaani kunakili DNA) zinaweza kupita pembeni kabisa na hela ya kuagiza imeshaenda. Andika toleo kwenye jina la faili. Kisha hesabu kurudi nyuma toka ATG, pale protini inapoanza kusomwa: C228T lazima iwe -124, C250T iwe -146. Ukipata namba nyingine USIENDELEE.

3. Tafuta motifu kwenye JASPAR, hifadhidata ya motifu za TF, bure.

4. Lusiferesi, enzaimu inayotoa mwanga, promota ikiwaka mwanga unaongezeka: plazmidi (DNA ya duara) moja yenye promota ya kawaida, nyingine yenye badiliko, na lusiferesi nyingine, ya Renilla, pembeni ya kusawazisha. Ila plazmidi haijafungwa kama kromosomu, bado hujamaliza.

5. ChIP, yaani kuigandisha TF juu ya DNA kisha kuinasa kwa antibodi uone imekaa wapi. Formaldehaidi 1% dakika 10, zima kwa glisini, katakata DNA iwe vipande vya 200 hadi 500, antibodi ya GABP, na IgG (antibodi isiyolenga GABP) kama kontroli. Ukizidisha muda wa formaldehaidi DNA inagoma kukatika.

6. Punguza GABP kwa siRNA (RNA fupi inayonyamazisha jeni), pima TERT. Ikishuka, sasa andika.

MASWALI

— Mkuu mimi nimepata motifu ya TF nyingine, MYC, tayari, naweza kuandika inaregulate?
Soma aya ya pili ya somo, ile inayoanza na "Usiandike".

— Nimeusoma, ila supavaiza kasema inatosha.
Basi andika "huenda". Neno "inaendesha" linadai hatua ya 5 na 6, hilo sibadilishi.

— Kaka shikamoo, niko mwaka wa tatu UDOM. Je, TF inaweza kuzidi bila promota kuguswa?
Marahaba mdogo wangu, swali zuri sana hili. Inaweza, angalia limfoma ya Burkitt, kansa ya seli B (seli za kinga zinazotengeneza antibodi), ile aliyoieleza Denis Burkitt Uganda mwaka 1958. Mara nyingi kipande cha kromosomu 8 chenye MYC kinahamia kromosomu 14, jirani na jeni za antibodi, na seli B inaziwasha hizo kwa nguvu zote, basi MYC inawashwa nazo. MYC yenyewe ni TF, inaungana na MAX na kukaa kwenye CACGTG za jeni nyingi. Na kinyume chake kipo, kwenye kansa ya shingo ya kizazi protini E6 ya kirusi HPV inaifanya p53 (TF inayozuia kansa) ivunjwe, promota ya p21 (jeni ya kusimamisha mgawanyiko wa seli) iko nzima ila wa kuiwasha hayupo. Ukitaka mada ya projekti anzia hapo, nitakusaidia.

— Eti zabibu zetu za Hombolo zinawasha p53?
Resveratroli, kemikali iliyomo kwenye zabibu, imeonekana kuiamsha p53 kwenye seli za maabara, kwa dozi kubwa. Ukiila, mwili unaibadilisha haraka sana. Kula zabibu, ila mgonjwa aende hospitali.

— PCR ya promota ya TERT inanigomea, bendi haitoki.
Herufi G na C ni nyingi pale, nyuzi za DNA zinashikana sana. Jaribu DMSO 5%, na utumie enzaimu ya PCR iliyotengenezwa kwa DNA yenye GC nyingi.