Klebsiela sugu akiingia wodi ya watoto wachanga: mpangilio wa kazi, hatua kwa hatua

Bakteria wanaozungumziwa hapa makao yao ni utumbo: Klebsiela, E. koli na jamaa zao. Mtu huwabeba miezi kadhaa bila homa wala kuharisha, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Mtoto ambaye damu yake imeotesha Klebsiela asiyesikia meropenemu (antibiotiki kali ya akiba) ni yule aliyeonekana tu. Jirani zake wawili au watatu huenda wanamtoa kwenye nepi tangu juzi, na hakuna dalili.

Mwaka 2011, katika hospitali ya utafiti ya NIH (Taasisi za Taifa za Afya) mjini Bethesda, Marekani, alipokelewa mgonjwa aliyejulikana tangu mwanzo kuwa amebeba Klebsiela wa aina hiyo. Alitengwa, akatibiwa, akaruhusiwa. Wiki tatu baadaye akapatikana mgonjwa wa pili, kisha mwingine. Jumla wakawa 18. 11 walifariki, 6 kati yao kwa sababu ya bakteria hao wenyewe. Bakteria walikuja kupatikana kwenye mabomba ya kutolea maji ya sinki na kwenye mashine ya kupumulia iliyokwisha kusafishwa. Kwa hiyo usisubiri mgonjwa wa pili. Mwongozo huu ni wa muuguzi mfawidhi, mtu wa maabara na msimamizi wa usafi katika hospitali isiyo na vyumba vya mtu mmoja mmoja.

Hatua ya 1: Saa 24 za kwanza

Jibu moja tu la usugu kwa meropenemu linatosha kuanza kazi. (Usugu kwa seftriaksoni, antibiotiki ya kawaida zaidi, peke yake umeenea mno, huko angalia kama idadi imepanda kuliko kawaida ya wodi yenu.)

Chora ramani ya vitanda kwenye karatasi. Kwa kila mtoto andika tarehe ya kulazwa, alikotoka, vitanda alivyopitia, na vifaa vilivyomgusa: CPAP (mashine ya kusukuma hewa puani), mashine ya kunyonyea makohozi, mpira wa kulishia puani, inkubeta. Mara nyingi ramani hiyo hukuonyesha kifaa kimoja kilichopita kwa watoto wote kabla maabara haijasema lolote.

Mtoto aliyethibitika msogeze kona iliyo mbali na meza ya kuchanganyia dawa. Awe na kipimajoto chake, stetoskopu yake na, zamu ikiruhusu, muuguzi wake. Kati ya kitanda na kitanda iwepo mita 1 au zaidi; watoto wawili kwenye kitanda kimoja ni njia ya uhakika ya kuambukizana. Anayemgusa avae glovu na aproni, avivue pale pale kabla ya kuondoka. Mama asitengwe na mwanawe: kunyonyesha na kumbeba kifuani kuendelee, ila afundishwe kunawa mikono na asiguse watoto wa wenzake.

Hatua ya 2: Kitakasa mikono kwenye kila kitanda

Kama fedha zinatosha kwa jambo moja tu, liwe hili. Famasia ya hospitali inaweza kukitengeneza kwa kanuni ya WHO. Kwa lita 10:

- ethanoli ya 96%: ml 8333
- haidrojeni peroksaidi ya 3%: ml 417
- gliserini ya 98%: ml 145
- maji yaliyochemshwa yakapoa, au maji ya distila, hadi kufika alama ya lita 10

Tangulia na ethanoli, kisha peroksaidi, kisha gliserini. Gliserini hung'ang'ania kwenye silinda ya kupimia, hivyo suuza silinda kwa sehemu ya yale maji na umimine humo humo. Ongeza maji yaliyobaki, funika mara moja ili ethanoli isipae, tikisa polepole, gawa kwenye chupa. Chupa zikae saa 72 kabla ya kutumika, ili peroksaidi iue mbegu za bakteria zilizokuja na malighafi au chupa. Ethanoli ikiwa ya 90%, tumia ml 8889. Pima kwa kipima-kileo: matokeo yawe kati ya 75% na 85%, lengo 80%. Fanyia kazi hii penye hewa, mbali na jiko na cheche.

Hapa mambo huharibika kwa njia tatu. Gliserini ikizidi, mikono hunata na watu huacha kupaka. Chupa ikijazwa juu ya mabaki bila kuoshwa, inachafuka. Na chupa ikitundikwa mlangoni badala ya kitandani, haitumiki wakati unaohitajika, kwa sababu muuguzi mwenye watoto ishirini hawezi kutembea hadi mlangoni kila anapomaliza mmoja. Jaza kiganja, sugua sekunde 20 hadi 30, mikono ikauke yenyewe. Mikono yenye kinyesi, maziwa au damu inahitaji maji na sabuni, sekunde 40 hadi 60.

Glovu haibadilishi lolote katika haya. Glovu moja iliyogusa watoto wawili ni sawa na mkono mchafu.

Hatua ya 3: Fuata maji

Bakteria hawa wanapenda unyevu. Kwenye ukuta mkavu Klebsiela hana raha. Kwenye bomba la sinki hujenga utando wa utelezi na kukaa miezi. Maji ya bomba yakigonga moja kwa moja tundu la sinki, matone hurukia vitu vilivyo karibu, hata umbali wa mita 1. Basi meza ya kuchanganyia dripu isikae hapo. Isipohamishika, wekeni kizuizi cha plastiki kinachofutika.

Sinki la kunawia libaki la kunawia. Mabaki ya maziwa, dextrosi (maji ya sukari ya mshipani), dripu na maji ya kunyonyea makohozi yamwagwe kwenye chumba cha uchafu, maana sukari na maziwa ni chakula cha ule utando, na mabaki ya antibiotiki huwaacha wale sugu tu.

Maji ya chupa ya oksijeni na ya CPAP yawe yaliyochemshwa yakapoa, au ya distila. Yabadilishwe kila siku: mwaga yote, osha chupa, jaza upya. Kuongezea juu ya ya jana ni kosa linaloonekana karibu kila wodi. Kifaa kisichotumika kihifadhiwe kikavu.

Chupa ya dextrosi iliyoachiwa sindano kwenye kizibo ili kila mtu achote ni hatari kubwa kuliko sakafu chafu. Chupa moja, mtoto mmoja; kinachobaki kinamwagwa.

Hatua ya 4: Klorini, baada ya sabuni

Uchafu huimaliza nguvu klorini, kwa hiyo anza na maji na sabuni, suuza, ndipo upake klorini. Nyuso za kawaida zinahitaji 0.1%, penye damu 0.5%.

Soma kwanza nguvu iliyoandikwa kwenye chupa ya jiki. Hesabu ni: nguvu uliyo nayo, gawa kwa unayotaka, toa 1, hizo ndizo sehemu za maji. Jiki ya 3.5% kupata 0.1%: sehemu 1 kwa sehemu 34 za maji, yaani kama ml 286 ndani ya ndoo, ukijaza hadi lita 10. Kupata 0.5%: sehemu 1 kwa 6. Kwa unga wa klorini wa 70%: gramu 14 kwa lita 10 hukupa 0.1%, na gramu 7 kwa lita 1 hukupa 0.5%.

Changanya kila asubuhi, funika, weka mbali na jua. Uso ubaki na majimaji dakika 10. Usinyunyizie kwa pampu, usichanganye na asidi wala amonia. Inkubeta isafishwe ikiwa tupu, isuuzwe kwa maji safi na kukauka kabisa kabla ya mtoto kurudi.

Anzia kwa watoto wasio na maambukizi, malizia kona ya waliotengwa, kisha sinki na chumba cha uchafu. Kitambaa kipya kila kitanda. Dekio lililolala ndani ya ndoo usiku kucha ndilo litakalowapaka asubuhi wodi nzima. Lifuliwe na kuanikwa juani. Wahudumu wa usafi waelezwe kinachoendelea kama wauguzi wanavyoelezwa. Hawa ndio wanaogusa kila kitanda.

Hatua ya 5: Maabara iwatafute wabebaji

Chukua sampuli za watoto waliolala pamoja na aliyethibitika, mkirudia kila wiki hadi wapya wasionekane. Kijiti cha pamba kiwe na rangi ya kinyesi. Kikitoka cheupe, jibu la kutokuwepo halina maana. Kinyesi cha kwenye nepi kinafaa.

1. Tia kijiti kwenye ml 5 za supu ya TSB (supu ya kuoteshea bakteria) yenye kidiski cha meropenemu cha mikrogramu 10. Iache usiku mmoja kwa nyuzi 35.
2. Tikisa, chukua mikrolita 100, pandikiza kwenye agari ya MacConkey, iache usiku mwingine.
3. Makoloni ya waridi yatambueni, kisha pima kwa kidiski cha meropenemu kwenye agari ya Mueller-Hinton. Kwa vipimo vya CLSI (taasisi ya Marekani ya viwango vya maabara), duara lisiloota bakteria kuzunguka kidiski la mm 23 au zaidi ni msikivu. Mm 19 au chini ni sugu.

Vidiski vilivyopata unyevu kwenye friji hupoteza nguvu na kuonyesha usugu usiokuwepo. Pima pamoja na E. koli ATCC 25922, bakteria wa kulinganishia anayejulikana kuwa msikivu, kabla ya kuamini.

Msipime wafanyakazi. Mara nyingi hakuna kitakachobadilika, na watu wataanza kunyoosheana vidole badala ya kunawa. Kuta pia ziacheni. Kama ramani inaonyesha sinki au kifaa fulani, pimeni hicho.

Hatua ya 6: Dawa na barua

Mbebaji asiyeumwa hatibiwi. Antibiotiki haitamsafisha utumbo. Itaua bakteria wengine wanaoishi humo na kuwapa wale sugu nafasi zaidi. Aliyeanzishwa dawa kwa kushukiwa, akawa mzima na damu yake isioteshe kitu ndani ya saa 48, daktari aangalie kuisimamisha. Kanula na mipira isiyohitajika itolewe kila asubuhi, kabla ya raundi kwisha.

Weka alama kwenye faili la kila mbebaji. Akipewa rufaa, piga simu kwanza, kisha barua itaje jina la bakteria, dawa anazozishinda na tarehe ya kipimo, mstari wa juu kabisa, pasipoweza kurukwa na anayempokea usiku.